Siku Saba za Nani?

Mwaka 2007 lilichapishwa nchini Marekani jedwali ambalo mtu akilipitia haraka anaweza kudhani limekosewa chapa. Lilijumlisha majeraha ya wanamichezo wa vyuo kwa misimu 16, kuanzia 1988/89 hadi 2003/04, na safu yake moja ilihusu mtikisiko wa ubongo. Futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao vijana wenye kilo mia na zaidi huvaa kofia ngumu na kugongana kwa makusudi, ilikuwa na mitikisiko 0.37 kwa kila mara 1,000 ambazo mchezaji aliingia mazoezini au mechini. Soka ya wanaume ilikuwa na 0.28, ya wanawake 0.41. Juu yao wote, kwa 0.91, ulikaa mpira wa magongo wa barafuni wa wanawake, ambao sheria zake zinakataza mchezaji kumkumba mwenzake kwa mwili.

Magongo ya wanawake yalikuwa yameingia katika hesabu hiyo kwa misimu michache tu ya mwisho, kwa hiyo namba yao ilihitaji kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo ilitosha kuibua maswali mawili. Je, wanawake huumia kichwa mara nyingi kuliko wanaume? Na wakishaumia, hukawia zaidi kupona?

Swali la pili ndilo lililosubiri muda mrefu zaidi. Si kwa sababu lilikuwa gumu kupita kiasi. Lilisubiri kwa sababu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 waliopimwa walikuwa wanaume, na majibu yaliyotokana nao yakafanywa majibu ya kila mtu.

Hadithi ya kichwa cha mwanamichezo wa chuo huanza, kama zilivyo hadithi nyingi za michezo ya Marekani, na futiboli na vifo. Katika msimu wa 1905 gazeti la Chicago Tribune lilihesabu wachezaji 18 waliokufa. Oktoba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wakuu wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton akawataka wausafishe mchezo huo. Kabla ya mwaka kwisha vyuo kadhaa vilikutana New York na kuunda chama ambacho mwaka 1910 kilichukua jina linalojulikana hadi leo, NCAA. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani kilizaliwa, basi, kutokana na miili ya vijana wa kiume iliyobebwa kutoka uwanjani.

Mwaka 1906 madaktari wawili wa timu ya Harvard, Edward Nichols na Homer Smith, walichapisha taarifa ya majeraha 145 waliyoyashuhudia katika msimu mmoja. Kati ya hayo, 19 yalikuwa mitikisiko ya ubongo. Waliandika kwamba wachezaji waliliona jambo hilo kuwa dogo. Wakaeleza pia jinsi mchezaji aliyegongwa alivyoweza kuendelea kukimbia na kushika mpira kwa mazoea, akimaliza mikimbio kadhaa, kabla wenzake hawajatambua kwamba akili yake haipo uwanjani. Miaka zaidi ya mia imepita na bado ni vigumu kupata maelezo bora ya hatari ya jeraha hili. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Hapa hata kovu la kumshuku mtu halipo.

Wasichana walikuwa wapi wakati huo? Walikuwa vyuoni, na walikuwa wakicheza. Senda Berenson alianzisha mpira wa kikapu wa wanawake katika chuo cha Smith, Massachusetts, muda mfupi tu baada ya mchezo wenyewe kubuniwa, na tarehe 4 Aprili 1896 wasichana wa Stanford waliwashinda wa California kwa 2–1 huko San Francisco, katika ukumbi ambao watazamaji wanaume walikatazwa kuingia. Lakini Berenson aliugawa uwanja sehemu tatu, akakataza mchezaji kuvuka mstari wa sehemu yake, akakataza pia kumpokonya mwenzako mpira. Aliishi katika zama za hofu. Mwaka 1873 Edward Clarke, daktari aliyekuwa profesa Harvard, alichapisha kitabu akidai kwamba msichana anayesoma kwa bidii ile ile ya mvulana anahatarisha viungo vyake vya uzazi. Mwili wa mwanamke ulilindwa kwa ajili ya watoto ambao hajawazaa. Waliomlinda waliliogopea tumbo lake. Kichwa chake hakikumshughulisha mtu.

Mwaka 1923 viongozi wanawake wa elimu ya viungo, wakiongozwa na Lou Henry Hoover ambaye baadaye alikuwa mke wa rais, walikwenda mbali zaidi. Walipinga mashindano ya chuo kwa chuo kwa wasichana. Mahali pake pakaja siku za michezo ambapo wasichana wa vyuo mbalimbali walichanganywa katika timu moja, ili asiwepo wa kushinda kwa jina la chuo chake. Nia yao haikuwa mbaya. Waliona jinsi fedha na ushabiki vilivyoiharibu michezo ya wanaume, wakataka wasichana wote wacheze, si wale wachache wenye vipaji tu. Matokeo yake lakini yalikuwa kwamba kwa karibu nusu karne mwanamichezo wa kike wa chuo, kama mtu wa kuhesabiwa, hakuwepo.

Elimu ya ubongo uliogongwa ikaendelea kukua bila yeye. Mwaka 1928 Harrison Martland, daktari mchunguzi wa vifo huko New Jersey, aliandika kuhusu mabondia wanaopepesuka kama walevi ilhali hawajanywa. Mwaka 1933 NCAA ilitoa kitabu cha tiba kilichoelekeza mchezaji aliyepata mtikisiko apumzishwe. Mwaka 1952 Augustus Thorndike wa Harvard alishauri kwamba aliyepata mitikisiko mitatu aachane kabisa na michezo ya kugongana. Mabondia, wachezaji wa futiboli, vijana wa Harvard: wote wanaume. Mwanamke wa kwanza kuingia katika maandishi ya ugonjwa wa mabondia aliingia kwa mlango wa huzuni. Mwaka 1990 jarida la Lancet lilieleza ubongo wa mwanamke aliyekufa akiwa na miaka 76, ukiwa umeharibika kama wa bondia mkongwe. Hakuwahi kupanda ulingoni. Alikuwa amepigwa na mumewe kwa miaka mingi.

Kilichobadili mambo ni sheria isiyotaja michezo hata kidogo. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya elimu yenye kifungu kinachoitwa Title IX. Sentensi yake kuu, ya maneno 37 kwa Kiingereza, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika masomo yanayopata fedha za serikali kuu. Msimu wa 1971/72 wanawake waliokuwa wakishindana vyuoni hawakufika 30,000; leo katika vyuo vya NCAA peke yake wamepita 200,000. NCAA yenyewe kwanza ilipinga sheria hiyo kugusa michezo, kisha katika msimu wa 1981/82 ikaanza kuandaa mashindano ya wanawake, na chama kilichoanzishwa na wanawake wenyewe, AIAW, kikafa. Mwaka 1982 huo huo NCAA ilianzisha mfumo wa kuandikisha majeraha ya wachezaji. Jedwali la 2007 ni mtoto wa mfumo huo.

Kuandikisha jeraha, hata hivyo, si sawa na kumfuatilia aliyejeruhiwa mpaka apone. Kazi hiyo ya pili ilianzia Virginia. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Jeffrey Barth wa Chuo Kikuu cha Virginia alipata wazo ambalo leo linaonekana la wazi kabisa: mpime mchezaji kumbukumbu na wepesi wa akili kabla ya msimu, ili akigongwa uwe na cha kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalitoka kwa wachezaji 2,350 wa vyuo vikuu kumi. Wengi wa walioumia walirudi katika hali yao ndani ya siku tano hadi kumi. Wote walikuwa wachezaji wa futiboli.

Novemba 2003 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa NCAA uliowafuatilia wachezaji 1,631 wa vyuo 15. Waliopata mtikisiko walikuwa 94. Mizani ya mwili ilirejea katika siku tatu hadi tano, akili katika siku tano hadi saba, na dalili nyingine zikaisha kufikia siku ya saba. Utafiti huo ulifanywa kwa umakini mkubwa na heshima uliyopata ilistahili. Ila hao nao walikuwa wachezaji wa futiboli pekee. Siku saba zikageuka kipimo cha kawaida, na msichana wa soka aliyekuwa bado na kichwa kinachouma siku ya 12 akahesabika kuwa amechelewa. Amechelewa kwa saa ya nani? Swali hilo lilipaswa kuulizwa mapema zaidi.

Walianza kuliuliza watu wachache. Mwaka huo huo wa 2003 Tracey Covassin na wenzake walipitia takwimu za NCAA za 1997 hadi 2000 wakaonyesha kwamba katika michezo inayochezwa na jinsia zote, mtikisiko ulichukua sehemu kubwa zaidi ya majeraha ya wanawake mechini kuliko ya wanaume. Mwaka 2005 kundi la Virginia, safari hii likiongozwa na Donna Broshek na Barth akiwemo, lilirudi na njia ile ile ya kupima kabla na baada, lakini likawapima wasichana pia, wa sekondari na wa vyuo. Baada ya mtikisiko, wanawake walionekana kupungukiwa uwezo wa akili mara 1.7 zaidi ya wanaume, na walitaja dalili nyingi zaidi.

Ndipo mashindano ya kutafuta sababu yakaanza, na hapa inafaa kwenda polepole, kwa maana ni rahisi sana kurudi kwa Clarke wa 1873 bila kujua.

Maelezo ya kwanza yalikuwa ya shingo. Ryan Tierney wa Chuo Kikuu cha Temple aliwafunga vijana vifaa vya kupimia mwendo, akavivuta vichwa vyao kwa uzito uliopimwa. Vichwa vya wanawake viliyumba kwa kasi zaidi, na shingo zao zilikuwa na karibu nusu tu ya nguvu za wanaume. Mpira wa soka una uzito ule ule kwa wote. Kichwa chepesi juu ya shingo nyembamba hutikisika zaidi kinapogongwa nao. Maelezo ya pili yalikuwa ya homoni: mwaka 2014 watafiti wa Rochester, New York, waliwafuatilia wanawake walioumia kichwa na kukuta kwamba walioumia katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, wakati projesteroni iko juu, walikuwa na hali mbaya zaidi mwezi mmoja baadaye. Maelezo ya tatu yalitoka maabara ya Douglas Smith katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako mwaka 2018 seli za neva zilizokuzwa kwenye sahani zilivutwa kwa ghafla. Aksoni, yaani nyuzi ndefu za seli hizo, zilikuwa nyembamba zaidi katika seli za kike, zikiwa na mihimili michache ya ndani, na zilikatika kwa urahisi zaidi kuliko za kiume zilipovutwa kwa nguvu ile ile.

Haya yote ni ya kuzingatiwa. Lakini seli kwenye sahani haina kocha, haina mzazi, wala haina tabibu anayesimama pembeni mwa uwanja.

Tazama kilichompata Briana Scurry. Mhitimu huyu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts ndiye kipa aliyeokoa penalti ya Wachina katika fainali ya Kombe la Dunia la 1999. Aprili 2010, akichezea klabu huko Marekani, goti la mshambuliaji lilimpiga upande wa kichwa. Hakucheza tena. Kwa miaka mitatu aliishi na maumivu, giza la moyo na usahaulifu, akafikia hatua ya kuweka rehani medali zake za dhahabu za Olimpiki ili apate pesa za kujikimu, mpaka mwaka 2013 alipofanyiwa upasuaji wa neva nyuma ya kichwa uliompa nafuu. Cindy Parlow, aliyekuzwa na timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina, naye aliacha mpira kwa sababu ya mitikisiko. Mwaka 2020, akiitwa Cindy Parlow Cone, alikuwa rais wa shirikisho la soka la Marekani. Wote wawili walikuwa na majina makubwa. Msichana wa timu ya chuo kidogo, ambaye mechi zake hazirushwi hewani, anaumia mbele ya watu wachache sana.

Utafiti uliogusa moja kwa moja suala hilo la nani huonwa na tabibu, na lini, haukuwa wa wanachuo bali wa watoto na vijana wa miaka 7 hadi 18 huko Philadelphia, uliochapishwa mwaka 2019. Wasichana walionekana kukawia kupona katika kila kipimo, kama ilivyotarajiwa. Kisha watafiti wakaangalia tarehe za kufika kliniki. Mvulana wa kati alifika kwa mtaalamu siku ya tisa baada ya kuumia. Msichana wa kati, siku ya 15. Walipochukuliwa wale tu waliofika ndani ya siku saba, tofauti kati ya wasichana na wavulana ikatoweka. Sehemu ya kile kilichokuwa kikisomwa kama udhaifu wa ubongo wa kike ilikuwa, kumbe, foleni ya kumfikia daktari.

Mmoja wa waandishi wa kazi hiyo, Christina Master wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, ndiye pia aliyeongoza ulinganisho mkubwa zaidi kwa wanavyuo. Mwaka 2014 NCAA na Wizara ya Ulinzi ya Marekani ziliweka dola milioni 30 katika mpango uitwao CARE, uliotangazwa wakati wa mkutano kuhusu mitikisiko ulioandaliwa na Rais Barack Obama Ikulu. Vyuo 30 hivi viliingia, vikiwemo vya kijeshi. Zaidi ya wanafunzi 50,000 walipimwa kabla hawajaumia, na safari hii wanawake walikuwemo tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2021 kundi la Master lilichambua mitikisiko 1,071 ya CARE katika michezo inayolingana kwa jinsia zote. Asilimia 61 ya walioumia walikuwa wanawake. Ukiwapanga wanawake kuanzia aliyewahi kurejea mchezoni hadi aliyechelewa, wa katikati alirejea baada ya siku 13.5. Kwa wanaume, siku 11.8. Kitakwimu, tofauti hiyo ya jumla haikuwa na uzito. Katika michezo ya kugongana wanawake walichukua muda zaidi, siku 12.7 dhidi ya 11.0. Katika michezo yenye mgusano mdogo mambo yaligeuka: wanaume ndio waliokawia, siku 16.9 dhidi ya 13.8. Na palikuwa na pengo jingine, lililotegemea aina ya chuo. Katika daraja la kwanza la NCAA, ambalo vyuo vyake vina fedha na matabibu wa kutosha, wanawake na wanaume hawakutofautiana; katika madaraja ya chini wanaume walirejea baada ya siku 10.6, wanawake, siku 13.

Angalia tena namba za wanaume. Hata wao hawakuwa na siku saba. Kipimo kilikuwa tofauti, ni kweli, maana cha 2003 kilifuata dalili na hiki kilingoja ruhusa kamili ya kucheza, ambayo tangu 2010, NCAA ilipovitaka vyuo viwe na mpango wa kushughulikia mitikisiko, hutolewa kwa hatua na kwa uangalifu. Lakini ina maana kwamba wasichana walihukumiwa kwa miaka mingi kwa kalenda ambayo hata kaka zao, wakitunzwa ipasavyo, hawaifuati.

Mwaka huo huo wa 2021, kwenye fainali za kikapu za NCAA, mchezaji mmoja wa kike alirusha mtandaoni video ya chumba cha mazoezi walichopewa wanawake: rafu moja ndogo ya vyuma vya kunyanyulia. Wanaume walikuwa na ukumbi mzima. Video ile haikuhusu ubongo wa mtu, lakini anayeyaweka matokeo ya CARE kando yake anaelewa vizuri zaidi maana ya siku 10.6 na siku 13.

Mwaka 2022 Christopher D'Lauro wa Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani na wenzake walifanya kazi ambayo ingeweza kufanywa miaka 20 kabla. Walichukua miongozo mikubwa ya kutibu mitikisiko ya michezo, ile ambayo madaktari duniani kote huifuata, wakahesabu ni nani waliopimwa katika tafiti zinazoitegemeza. Wanaume walikuwa asilimia 80. Katika zaidi ya asilimia 40 ya tafiti hizo hakukuwa na mwanamke hata mmoja.

Hesabu hiyo inagusa kila tabibu anayemwambia mchezaji wa kike siku gani arudi uwanjani, na haiwezi kurekebishwa kwa kudai kwamba wanawake ni dhaifu, wala kwa kudai kwamba jinsia haina maana yoyote. Dai la kwanza lilikwishawafungia wasichana nje ya uwanja mara moja. La pili liliwaacha wapimwe kwa vichwa vya wengine.

Wasichana walioingia CARE mwaka 2014 wakiwa na miaka 18 au 19 sasa wako karibu na miaka 30, na wengine wameshaipita. Wengi hawachezi tena. Mpango umeendelea kuwatafuta baada ya kuhitimu na kuwaita wapimwe upya: kumbukumbu, usingizi, mizani, hali ya moyo. Karatasi zao za kwanza, zilizojazwa kabla hawajagongwa, bado zimehifadhiwa, kila moja ikiwa na jina lake, si la mchezaji wa futiboli.